Somo la robo hii: Ndege wala matunda na miti tusiyoipanda



Katika masomo yetu ya mazingira tumezoea kuzungumza juu ya vitalu, viriba, samadi na ratiba ya kupanda. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya miti ambayo hakuna aliyeipanda. Kila mmoja wetu anaifahamu: mpapai ulioota nyuma ya jiko, mpera ulio kando ya njia ya shambani, pilipili kichaa inayochipua chini ya ua, mkuyu ulioanza maisha yake juu ya mnazi na kuteremsha mizizi taratibu hadi chini. Ukiuliza ni nani aliyeipanda, utajibiwa kwamba imejiotea. Watu wa vitalu huiita miche ya namna hiyo maotea.

Tumechagua somo hili kwa sababu moja kubwa. Maombi mengi ya miradi ya upandaji miti yanayotufikia huwa na kifungu cha "kusafisha eneo", yaani kufyeka kila kilichopo kabla ya kuleta miche ya kitalu. Mara nyingi kinachofyekwa ni maotea, na fedha za wafadhili wetu hutumika kwanza kuyaondoa, halafu kununua miche mingine ya kuweka palepale.

Mti hulipa nauli

Mti hauwezi kutembea. Ukitaka watoto wake wakae mbali nao, ni lazima upate wa kuwabeba. Msufi hutumia upepo, mkoko hutumia maji ya bahari. Lakini katika misitu ya nchi za joto kama yetu, kati ya aina 70 na 90 katika kila aina 100 za miti na vichaka huzaa matunda yanayoliwa na wanyama, na kati ya wanyama hao ndege wana nafasi ya mbele. Nyama ya tunda ndiyo nauli. Kabla mbegu haijakomaa tunda huwa la kijani, gumu na chungu, ili lisichukuliwe mapema. Mbegu ikiwa tayari, tunda hubadilika rangi, likawa jekundu, jeusi au la zambarau, na ndege huliona kutoka mbali.

Pilipili ni mfano mzuri, nao uko karibu na jikoni kwetu. Asili yake ni bara la Amerika. Ukali wake huwaunguza midomo panya, mbuzi na sisi binadamu, lakini ndege hausikii kabisa. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti juu ya pilipili mwitu wa Arizona, Marekani. Mbegu zilizopita katika matumbo ya panya wa huko hazikuota hata moja, kwa kuwa panya huzitafuna. Zilizopita katika tumbo la ndege ziliota vizuri kama zile zilizotolewa moja kwa moja kwenye tunda. Kwa hiyo ukali ule ni namna ya mmea kuchagua abiria wa kupanda naye. (Mpishi anayependa pilipili hakuwa katika hesabu hiyo, lakini naye ameisambaza dunia nzima.)

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila ndege alaye kwenye mti anausaidia mti huo. Kwelea kwelea anajulikana na kila mkulima wa mtama: yeye hula mbegu yenyewe, na ikishaliwa imekwisha. Kasuku hupasua kokwa kwa mdomo. Njiwa wengi wana firigisi yenye nguvu na mawe madogo ndani yake, nayo husaga mbegu kama jiwe la kusagia. Wasambazaji wazuri ni wale wanaolitaka tunda na kuiacha mbegu nzima: shore, kwezi, kuzumburu, zuwakulu, kulukulu, na zaidi ya wote hondohondo.

Kinachotokea tumboni

Watu wengi husema kwamba mbegu "hupikwa" tumboni mwa ndege na ndiyo maana huota. Usemi huu una ukweli ndani yake, lakini unahitaji maelezo.

Jambo la kwanza, na kwa aina nyingi za miti ndilo kubwa kuliko mengine, ni kwamba ndege huiondoa nyama ya tunda. Nyama hiyo mara nyingi ina vitu vinavyoizuia mbegu isiote ikiwa bado ndani ya tunda, na tunda zima likianguka chini huoza, huota ukungu, na ukungu ule huingia katika mbegu. Chukua papai. Mbegu yake imezungukwa na ute unaoteleza, na ute huo huichelewesha kuota. Mama anayekausha mbegu za papai baada ya kuzisugua na kuzisafisha kwa maji anafanya kwa mikono yake kazi ileile ambayo ndege anaifanya kwa tumbo lake.

Jambo la pili ni ganda. Mbegu zenye ganda gumu huweza kukwaruzwa kidogo katika firigisi au kulainishwa na majimaji ya tumbo, kisha maji ya mvua yakapenya kwa urahisi zaidi. Kwa baadhi ya mimea jambo hili huharakisha kuota, kwa mingine halibadilishi kitu, na kwa michache huweza hata kuharibu. La tatu ni kinyesi chenyewe, ambacho ni samadi kidogo kwa mche unaoanza, ingawa mvua kubwa moja inaweza kukisomba chote.

Hapa tunaomba tahadhari, kwa sababu kuna hadithi maarufu inayorudiwa sana katika semina. Inahusu kisiwa cha Mauritius na ndege aliyeitwa dodo, aliyetoweka katika karne ya 17. Mwaka 1977 mwanasayansi Stanley Temple aliandika kwamba mti wa huko uitwao tambalacoque ulikuwa umekaribia kwisha kwa sababu mbegu zake haziwezi kuota bila kupita tumboni mwa dodo. Aliwalisha batamzinga matunda 17. Mbegu 7 zilisagwa, 10 zikatoka nzima, na katika hizo 3 ziliota. Hadithi ilipendwa mno ikaingia vitabuni. Lakini hakupanda mbegu nyingine pembeni ambazo hazikupita tumboni ili kulinganisha, na baadaye wataalamu wengine walionyesha kwamba mbegu za mti huo zinaweza kuota bila ndege yeyote, na kwamba iko miti iliyoota baada ya dodo kwisha. Kwa hiyo wanakamati wanapofundisha vijana, waseme kwamba tumbo la ndege mara nyingi husaidia kuota. Wasiseme kwamba bila tumbo hakuna kuota.

Faida kubwa iko kwenye umbali

Kwa maoni yetu, msaada mkubwa zaidi wa ndege ni safari. Mwaka 1970 Daniel Janzen, na mwaka 1971 Joseph Connell, walieleza kila mmoja kwa njia yake jambo ambalo mkulima mzoefu hushuku: mahali pabaya kuliko pote kwa mbegu ni chini ya mama yake. Hapo ndipo wadudu, panya na ukungu wanaopenda mti huo wamejaa, kwa kuwa chakula chao kiko hapo kila msimu. Miche mia inaweza kuota chini ya mti mmoja na isipone hata mmoja. Mche ulioangushwa mita 50 mbali una maadui wachache, na huenda ukapata mwanga.

Ndege mdogo kama shore humaliza kazi haraka, mara nyingi ndani ya saa moja, kwa hiyo mbegu zake huanguka karibu, kwenye kichaka au mti wa jirani anapopumzika. Hondohondo ni habari nyingine. Hulimeza tunda zima, huruka juu ya mashamba na mabonde, na mbegu kubwa huzicheua akiwa ametua mahali pengine. Huko Afrika Kusini watafiti waliwafungia hondohondo vifaa vya kufuatilia safari zao, wakaona kwamba katika nchi iliyokatwakatwa na mashamba ndege hao wanaweza kuzipeleka mbegu umbali wa zaidi ya kilomita 10. Hakuna mradi wetu wenye gari la kufanya hivyo.

Tabia ya hondohondo wakati wa kuzaa nayo inafaa kufahamika. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango hufungwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba. Humo hukaa miezi kadhaa, na dume humletea chakula. Kwa hondohondo mkubwa mwenye mashavu ya rangi ya fedha, imekadiriwa kwamba dume mmoja huleta takriban matunda 24,000 katika msimu mmoja wa kuatamia. Ukisimama chini ya tundu la namna hiyo utakuta zulia la mbegu na miche ya aina nyingi. Na tukumbuke kwamba mti wenye tundu la kumtosha hondohondo ni mti mzee na mnene, uleule ambao mpasua mbao huutazama kwanza.

Tunalojifunza kutoka Usambara Mashariki

Safu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ni mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa makini. Msitu wake ulikatwa vipande kwa ajili ya mashamba ya chai na makazi. Vipande vingine ni vikubwa, vingine ni vidogo kama uwanja wa shule. Mto Zigi, unaowapa maji wakazi wa jiji la Tanga kupitia bwawa la Mabayani, unaanzia katika milima hiyo.

Watafiti wawili, Norbert Cordeiro na Henry Howe, walihesabu miche ya miti katika vipande hivyo na katika msitu usiokatwa. Matokeo yao ya mwaka 2001 yanastahili kusomwa polepole. Kwa aina 31 za miti inayotegemea wanyama kubeba mbegu zake, miche katika msitu mkubwa na katika vipande vya hekta 30 na kuzidi ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile iliyopatikana katika vipande vidogo vya hekta 9 na kushuka. Lakini kwa aina 8 ambazo mbegu zake hupeperushwa na upepo au huanguka zenyewe, hapakuwa na tofauti. Hii ina maana kwamba udongo ulikuwa bado unaotesha, na mvua ilikuwa ileile. Kilichopungua ni wabebaji.

Mwaka 2003 walichapisha habari za mti mmoja tu, Leptonychia usambarensis, mti mdogo wa kivulini ambao asili yake ni milima hii ya mashariki. Mbegu zake zina kifuniko laini kinacholiwa na ndege wa ndani ya msitu, wale wasiopenda kuvuka mahali peupe. Katika vipande vidogo ndege hao walikuwa wachache au hawapo kabisa. Matunda yalibaki mtini, mbegu zikaanguka chini ya mama, miche ikasongamana hapohapo, na ile iliyofika zaidi ya mita 10 ilikuwa michache kuliko katika msitu mkubwa. Anayepita njiani ataona miti mikubwa ya kijani na kusema msitu upo. Upo kweli, ila unaendelea kuzeeka bila warithi.

Lakini Usambara inatufundisha pia upande wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, uliletwa Amani mti wa mesopsisi, ambao Waganda huuita musizi. Kwao ni kuanzia Afrika Magharibi hadi Uganda na upande wa Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1960 na 1970 ulipandwa zaidi ili kuziba mapengo yaliyoachwa na uvunaji wa mbao. Unakua haraka, mbao zake zinafaa, na wakulima wa iliki waliupenda kwa kivuli. Hondohondo nao waliyapenda matunda yake meusi. Wakayameza, wakayapeleka kila penye pengo msituni, na leo mti huo umeenea mahali pengi ambapo hakuna mtu aliyeupanda. Hondohondo hakufanya kosa lolote. Yeye habagui mti wa asili na mti mgeni. Mchaguzi alikuwa binadamu aliyeuleta.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wanakamati wanapochagua miti ya kupanda karibu na msitu waulize pia: je, matunda yake huliwa na ndege? Kama yanaliwa na mti ni mgeni, wajue kwamba hautakaa ndani ya mipaka ya kiwanja cha parokia. Mpera huvuka ua kwa njia hiyo, na lantana ya maua ya mapambo imevamia malisho kwa njia hiyohiyo. Hata ule mmea unaojishika kwenye matawi ya mparachichi na kunyonya maji yake huletwa na ndege, hasa vitororo. Mbegu yake hunata, ndege huisugua kwenye tawi ili imtoke mdomoni, nayo hubaki hapo na kuota. Dawa yake ni kukata tawi mapema, wala si kuwarushia ndege mawe.

Ombi lililo mezani

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linahusu fedha. Robo hii kamati ya parokia moja imetuletea ombi la kusafisha kiwanja chake kilicho kwenye mteremko juu ya chemchemi, pamoja na kukata mikuyu miwili mizee, ili ipande mikaratusi. Sababu zao si za kipuuzi. Paa la zahanati linavuja, na nguzo za mikaratusi zitauzwa baada ya miaka michache. Mikuyu haina mbao za maana, na wengine wanasema inawavuta ndege wanaochafua bati.

Hatujaidhinisha fedha hizo, wala hatujazikataa. Tumewaomba wafanye kazi moja kabla ya kikao kijacho: wahesabu miche yote iliyo chini ya mikuyu ile na katika vichaka vinavyoizunguka, na wazee wanaojua miti watoe majina. Mkuyu ni mti wa pekee katika jambo hili. Mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo penye mikuyu kadhaa ndege huweza kupata tini hata miezi ambayo miti mingine haina kitu. Ndege anayekuja kula tini hufika na mbegu nyingine tumboni, alizokula kwingine, akaziacha hapo. Ndiyo maana chini ya mkuyu mzee huota miti ambayo si mikuyu. (Ni mti wa aina ileile aliyoikwea Zakayo, kama wasomaji wengi wanavyojua, na wazee wetu katika sehemu nyingi wamekataa kuukata ulio kwenye chemchemi.)

Pendekezo letu kwa kamati hiyo ni kugawa kiwanja. Mikaratusi iwekwe upande wa barabara, mbali na chemchemi, kwa ajili ya paa. Upande wa mteremko mikuyu ibaki, majani yapaliliwe kuzunguka kila mche ulioota wenyewe, mbuzi wazuiwe, na njia ya kuzuia moto ifyekwe kabla ya kiangazi. Mahali palipo wazi kabisa wanaweza kusimamisha miti mikavu yenye matawi ili ndege watue. Jambo hilo husaidia mbegu kufika, ila nyasi ndefu zikiachwa chini yake, miche haitapata nafasi. Huko Queensland, Australia, tangu miaka ya 1980, na Chiang Mai, Thailand, ambako chuo kikuu kilianzisha kitengo cha kurudisha misitu mwaka 1994, hupandwa aina 20 hadi 30 za miti ya asili inayowavuta ndege na wanyama, na aina nyingine huachwa zije zenyewe. Sharti lake ni kwamba pawe na msitu jirani ambako mbegu zitatoka. Pasipo msitu wala ndege karibu, kitalu ni cha lazima, na hatutaki mtu asome makala hii akafunga kitalu chake.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: fomu yetu ya taarifa ina safu ya "miche iliyopandwa". Parokia inayolinda maotea 800 na kupanda miche 200 inaonekana katika fomu hiyo kuwa imefanya kazi ndogo kuliko iliyofyeka yote na kupanda 1,000. Tumeongeza safu mbili, moja ya maotea yaliyotunzwa na nyingine ya miche iliyo hai baada ya masika mawili. Mtaona namba zikibadilika, na baadhi yake zitashuka. Gharama pia zitabadilika: viriba vichache, posho zaidi kwa mlinzi wa moto.

Kazi ya vijana na maswali ya kikao

Vikundi vya vijana vinaweza kufanya jaribio hili kwa gharama ndogo. Chukueni matunda yaliyoiva ya mti mmoja wa asili wa kwenu. Katika boksi la kwanza la udongo pandeni matunda mazima. Katika la pili pandeni mbegu zilizooshwa mpaka nyama yote itoke. Katika la tatu pandeni mbegu za mti huohuo zilizookotwa kwenye vinyesi chini ya mahali ndege wanapolala, kisha mnawe mikono kwa sabuni. Idadi iwe sawa katika kila boksi, maji yawe sawa, na mhesabu kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Tutafurahi kupokea hesabu zenu, hata kama boksi la pili na la tatu zitalingana.

Na kwa kikao cha kamati: Ni miti gani mizee katika eneo la parokia yenu ambayo ndege huijia kula, na ni nani mwenye uamuzi wa kuikata? Msitu ulio karibu uko umbali gani, na kati yake na kiwanja chenu pana miti ya ndege kutua? Katika miti mliyopanda miaka kumi iliyopita, ni ipi imeanza kuota yenyewe nje ya ua, na majirani wanaionaje?

Majibu yatumwe kwa mratibu wa mazingira wa kanda yenu kabla ya mvua za vuli.